Kibla ya Mlinzi

Sajenti amefariki mwezi uliopita, mzee wa miaka tisini na ushei, kitandani kwake huko Arua, ameshiba na redio yake inaimba. Goti langu halikuniruhusu kusafiri kwenda kuzika, na la Nansubuga nalo ni hivyo hivyo, kwa hiyo Adriko alipomaliza kumzika baba yake alitupitia Kampala, tukakutana watatu Bugolobi, kwa binti wa Nansubuga. Tulilia kidogo, tukacheka sana. Pale sebuleni wajukuu walikuwa wameizunguka meza na dadu zenye pembe nyingi, wanacheza ule mchezo wa kujifanya watu wengine: huyu ni shujaa, huyu ni mchawi, mmoja anawasimulia mapango na mazimwi. Msichana mmoja mwenye miwani akatueleza, bila kuulizwa, kwamba mtu wake ni mwema lakini hapendi sheria, na kwamba tabia za watu ziko aina tisa, zimepangwa vizuri kwenye visanduku. Nikamuuliza, "Kwa hiyo kibla yako ni ipi?" Akanitazama akidhani bibi kachoka, anataka mswala. Adriko na Nansubuga wakacheka mpaka chai ikamwagika, na mtoto wa watu akabaki kututolea macho. Nikamwahidi kwamba nitamwandikia maana yake, na mimi nikiahidi hutimiza, hata kama nachelewa.

Habari za ukoo wangu nitaziacha. Anayetaka kujua babu zetu walitoka pwani na bidhaa gani aende kwetu Kisugu akaulize, atapewa majibu ya kila aina. Mimi nataka kuusema mwaka mmoja tu, katika miaka ya sabini, wakati wa utawala wa jeshi, mwaka ambao Adriko, Nansubuga na mimi tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na tunangoja matokeo yasiyokuja. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni imeadimika, na watu wazima walishusha sauti kila gari lilipopunguza mwendo barabarani. Mtu akinisikia nikisema ulikuwa mwaka wa raha atadhani nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa na marafiki wawili, na nilikuwa na pa kwenda kila mchana. Nilikuwa na furaha na sioni aibu kuisema.

Mama yake Nansubuga alikuwa akimpikia mwalimu mmoja mgeni aliyekaa kwenye maghorofa ya Bugolobi. Mwalimu yule aliondoka kwa haraka, kama walivyoondoka wengi, akawaachia sufuria, mapazia, na boksi lenye dadu za ajabu na kijitabu cha Kiingereza. Kijitabu hicho mama mtu alikuwa ameshaanza kukichana awashie sigiri yake ya mkaa kabla Nansubuga hajamnyang'anya. Kilichosalimika kilitosha kutufundisha. Mmoja anakuwa mwenye meza: yeye ndiye anayesimulia mji, milango na majanga. Wengine kila mmoja anachukua mtu, anampa jina na kazi, anasema mtu wake anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Na kabla ya kuanza, kila mtu lazima awe na kitu fulani ambacho neno lake la Kiingereza, alignment, lilitushinda. Kamusi ya shule ilisema ni kupanga vitu vikae kwenye mstari mmoja. Adriko akasema hilo ni jambo la gereji, ndivyo mafundi wanavyoyafanya magurudumu ya mbele. "Banange," akasema Nansubuga, "sasa mutu iko na magurudumu?" Chini ya neno lenyewe yalikuwepo maneno matatu, nayo tuliyaelewa: Sheria, Katikati, Fujo. Maelezo yake yalikuwa kwenye ukurasa uliofuata, na ukurasa huo ulikuwa umeshaivisha maharage.

Mimi ndiye niliyesema kwamba hiyo ni kibla. Madrasa nilifundishwa kwamba mtu anaweza kusimama popote pale, sokoni, njiani, juu ya jiwe, kinachotazamwa ni ameelekea wapi. Wakakubali papo hapo, Wakristo wote wawili, wakaandika kibla juu ya karatasi zao. Nansubuga, ambaye r na l kwake ni ndugu wa tumbo moja, akaiita kibra, na mimi akaniita Zuhula mpaka leo. Ninajua sasa kwamba tulikosea kutafsiri. Neno lao, nimeelezwa na msichana wa miwani, ni jina la sanduku unaloingia, ukishaingia unafanya yanayofanywa na watu wa sanduku hilo. Kibla ni kitu kingine. Unaweza kujikuta umeelekea kombo bila kujua, ukarekebishwa bega na jirani, ukaendelea. Kosa letu nalipenda kuliko usahihi wao, na wajukuu wanisamehe.

Tulichezea Naguru, kwenye nyumba za polisi, kwa baba yake Adriko. Hiyo ilikuwa akili ya Nansubuga. Mchezo wetu ulikuwa na mfalme, walinzi na watu wanaokimbia, na wakati ule vijana watatu kunong'ona habari za mfalme ndani ya nyumba lilikuwa jambo la kuogopwa, ila nani atakwenda kuvunja mlango wa sajenti wa polisi? Kila siku baada ya adhuhuri nilitoka Kisugu kwa miguu, nikampitia Nansubuga Bugolobi, tukakata kando ya viwanda tukipanda kilima. Nyumba ilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia la maua. Huku kulikuwa na meza yenye tofali chini ya mguu mmoja, viti vitatu na mkeka. Kule kitanda cha wazee na sare iliyopigwa pasi, imetundikwa, mikunjo yake inaweza kukukata kidole. Kulinukia mkaa na ufuta. Sajenti alikuwa Mlugbara na mkewe Mwalur, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili cha kambi, na ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Mama Adriko alitupa ugali wa muhogo na wimbi, na mboga za majani zilizoungwa kwa ufuta wa kusaga, mpaka leo sijaonja mfano wake. Siku ya kuku alimwita jirani Mnubi, Mwislamu mwenzangu, aje kuchinja, halafu ananisogezea sahani mwenyewe. "Zuhura, kuku yako iko halali. Kula, usiogope."

Sajenti nilimpenda tangu siku nilipomwamkia. Nilisema, "Shikamoo, Afande," kama nilivyolelewa, naye akacheka kwa kifua kizima. "Jambo, jambo. Hiyo yako kubwa sana, peleka kwa Askofu." Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyesema mengi. Akitoka lindo la usiku alilala mchana nyuma ya pazia, na sisi tulidhani amelala kweli.

Jambo lililokuwa likiinyima nyumba ile usingizi lilikuwa moja. Sajenti alikuwa na mdogo wake, tuliyemwita Baba Mdogo, na huyo kwa umri alikuwa nyuma lakini kwa cheo alikuwa amempita mbali. Alikuwa katika kile kikosi ambacho watu wake walivaa miwani myeusi na mashati ya maua, na ambacho hakuna mtu aliyekitaja jina. Alikuja na gari, na kilo za sukari ndani ya mfuko wa karatasi, akakaa kiti cha mlangoni, akamtazama Adriko juu mpaka chini. "Hii toto nachukua mimi," nilimsikia akisema. "Mvua ikikwisha, nampeleka kambini. Atavaa viatu." Sajenti akajibu, "Ndiyo." Angejibu nini kingine? Siku zile hata ndugu aliweza kumchongea ndugu, na aliyechongewa hakurudi. Nyuma ya nyumba Mama Adriko alikuwa akitwanga ufuta, na baada ya jibu lile alitwanga kwa nguvu kama kinu kimemkosea. Sote tulijua watu wa kikosi kile walifanya kazi gani. Na Adriko, nisimpambe kwa kuwa ni rafiki yangu, alikuwa nusu anataka. "Hakuna roadblock inanisimamisha," alituambia. "Watu wananiogopa kidogo. Sasa ubaya iko wapi?"

Ndani ya mchezo alikuwa ameshaanza kazi. Mtu wake alikuwa mlinzi wa lango la mji, kibla yake Sheria, na alikuwa amepanda cheo mara kadhaa kwa kutii. Mimi mtu wangu alikuwa mwanamke tabibu wa mitishamba, jina lake Sikujua, kibla yake Fujo, kwa sababu nilitaka kucheka. Nansubuga alikuwa mwenye meza, na alijua kutesa. Alasiri moja, mvua za mwisho zinanyesha, akatuambia kwamba homa imeingia bondeni, watu wanapanda na watoto mgongoni kuja mjini, na Sikujua yuko pamoja nao, anawabebea maji. Wamekaribia lango. Akamgeukia Adriko. "Mfarme anasema, funga."

"Nafunga," akasema Adriko.

"Mimi niko nje!" nikasema.

"Amri ni amri, Zuhura. Kibla yangu Sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya mwenye kiti."

Hakurusha hata dadu. Nansubuga akainua mikono: ukurasa wa kutuambia mlinzi wa Sheria anaweza kufanya nini tulikuwa hatunao. Mimi nilikasirika hata chakula kikanishinda. Nilikuwa nimemlea Sikujua kwa miezi, ndiyo, lakini sikuwa nalilia karatasi. Nilikuwa nimeona jinsi mdomo wa Adriko ulivyolifunga lango lile, wepesi kama mtu anayesema asante, nikaona viatu vile vya kambini vimeshamkaa mguuni. Niliogopa. Nilimwambia hivyo hivyo, "Adriko, mimi nakuogopa."

"Huyo mama iko na chakula huko nje?" ikauliza sauti nyuma ya pazia.

Tuliruka. Sajenti akatoka amevaa fulana na kandambili, akajikuna kifua, akatazama meza. "Iko na maji?"

"Kidogo, Afande," akasema Nansubuga.

"Nipe mimi pia mutu moja." Akavuta gunia la mkaa, akakalia.

Nansubuga alikuwa na roho ngumu kuliko sisi wote. Akachukua karatasi na penseli. "Kibra yako, Afande?"

"Mimi Mukatoliki," akasema Sajenti. "Hiyo yenu ya kuangalia upande, uliza Zuhura."

Tukamweleza, huku tunabana vicheko. Akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, kama anapokea ripoti. "Andika Sheria," akasema mwishoni. "Miaka yote hii nakula mushahara ya sheria." Akaomba awe mlinzi wa pili wa lango lile lile, mwenye kutunza ufunguo. Nansubuga akakubali, akanyoosha mgongo, akawa mfalme. "Funga!"

"Ndiyo, Afande. Nakwenda kuleta ufunguo."

"Umefika. Ufunguo iko kwa musumari."

"Hapana. Nafika, ufunguo hapana iko."

"Iko, Afande! Mimi ndiye mwenye meza."

"Wewe mwenye meza. Mimi mwenye ufunguo. Nimepoteza."

Nansubuga akarusha dadu, ikatoka namba kubwa upande wa mfalme, akatangaza kwamba mfalme ameghadhibika na anatuma mjumbe. "Sawa," akasema Sajenti, "mwambie natafuta." Na alitafuta. Alitafuta chini ya meza yetu kwa mikono yake miwili, mtu mzima na urefu ule, akanyanyua mkeka, akakung'uta kandambili, akaenda mpaka jikoni kumwuliza mkewe, "Wewe mama, ufunguo ya serikali iko wapi?" Mama Adriko, hajui linaloendelea, akamjibu aulize kwa wenzake walevi. Sajenti akarudi, akaketi juu ya gunia, akamwuliza Nansubuga kwa upole, "Watu wanaingia?"

"Wanaingia," Nansubuga akakiri.

"Na huyo mama ya dawa?"

"Naye."

"Basi. Nikipata ufunguo, nitafunga."

Mimi na Nansubuga tulicheka tukalaliana mabegani. Adriko hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake kana kwamba ameingia mgeni. "Baba," akasema, "sasa hiyo ni Sheria?"

Sajenti aliichukua dadu moja, akaigeuzageuza, akairudisha mezani. "Wewe hujui," akasema, "mimi napoteza vitu ngapi huko kazini." Halafu akanyanyuka, akarudi nyuma ya pazia, na safari hii alilala kweli, kwa sababu tulimsikia akikoroma.

Nimeyafikiria maneno yale kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria mambo mengi ya vitabuni. Watu gani waliingia, watu gani walitoka, kwa sababu sajenti mmoja wa Naguru hakuona funguo, hakusikia jina vizuri, alipeleka lori njia isiyo yake? Hakutuambia kamwe, hata uzeeni, na Adriko anasema hakumwambia yeye pia. Nilijaribu kumpanga kwenye visanduku tisa vya yule msichana, nikamtoa hapa nikamtia pale, mtoto akachoka na bibi, akaniambia, "Jaja, weka tu popote." Sikuweza. Alisema ndiyo kwa kila aliyemwamuru, na bado ndiye mtu mwema kuliko wote niliowajua.

Siku iliyofuata Adriko alitusindikiza kushuka kilima, jambo ambalo si kawaida yake, na tulipofika kwenye viwanda akasimama. "Mimi siendi," akasema. "Lakini kusema siendi, siwezi. Ataulizwa Baba." Nansubuga akamshika mkono, hapo hapo barabarani, mbele ya watu, na mimi nilijifanya natazama moshi. Ndiyo, walikuwa wameanza, na ndiyo, niliona wivu kidogo, ukapita.

Mvua zikaisha. Jioni moja Sajenti akaniuliza, bila kunitazama, kama babu yangu anahitaji kijana wa kumsaidia dukani. Babu hakuuliza kijana gani wala kwa nini. Alisema tu aje amekula, kwa sababu chai yetu haina sukari. Kulipopambazuka siku ambayo Baba Mdogo alikuwa amesema atakuja, Adriko alifika Kisugu, akavalishwa kanzu ya kaka yangu iliyomwishia katikati ya ugoko, akapewa kofia na jina la Juma. Sisi wasichana tukaambiwa twende Naguru kula kama siku zote, ili nyumba ionekane ni nyumba ya siku zote. Nilitembea njia nzima naomba dua. Lililobaki lilikuwa ni kuona kama Baba Mdogo atakubali kukosa alichokijia, au atamchukua kaka yake badala yake.

Alikuja saa za chakula. Tulikuwa tumetandaza dadu mezani, hatuchezi chochote. "Toto iko wapi?" akauliza.

"Nimemutuma sigara yako," akasema Sajenti. "Anarudi sasa hivi."

Mama Adriko akaleta kuku. Tukala, sote mezani, na hakuna niliyemwona akitafuna. Baba Mdogo akamaliza paja, akamaliza kidari. "Hiyo sigara iko Jinja?"

Sajenti akatoka mlangoni, akaita, "Adriko! We, Adriko!" Akaenda kwa jirani wa kulia, tukamsikia akiuliza, akaenda kwa wa kushoto. Akarudi anapangusa jasho. "Sijui, ndugu yangu. Natafuta." Na akainama, mbele ya yule mtu, akafunua pazia na kutazama chini ya kitanda. Nilimbana Nansubuga paja kwa kucha zangu. Sijawahi kuogopa kama vile, wala kabla wala baada.

Baba Mdogo akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, mekundu, ya mtu asiyelala, na yalikuwa macho ya Adriko hasa. Akaokota dadu. "Hii nini?"

"Mchezo, Afande," akasema Nansubuga. "Rudo ya wazungu."

Akairusha. "Nimeshinda?"

"Umeshinda, Afande."

Akatabasamu kidogo. Mama Adriko akamshikia beseni, akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa leso yake. Alipofika mlangoni alisimama, bado ametupa mgongo. "Nitawaambia macho yake mbaya, hapana faa," akasema. "Na huko iko, mwambie asirudi haraka."

Akatoka. Sajenti akamfuata hivyo hivyo alivyokuwa, na fulana yake na kandambili. Sisi tukakimbilia dirishani. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, wanawake kwa watoto, kama walivyosimama kila gari lile lilipokuja. Baba Mdogo akaingia garini, akawasha injini. Sajenti akasimama kando ya gari, akabana visigino ndani ya zile kandambili, akampigia mdogo wake saluti. Baba Mdogo akamtazama kupitia dirisha. Akazima gari, akashuka, akasimama wima uwanjani mbele ya watu wote, akairudisha.